Sio chesisi jamani! Datsun ya Babu na tairi zake za nyuma

Najua wengine mlishaanza kuulizana pale kafteria kama nimeacha kuandika au nimepata mchumba. Si hili wala lile. Wikiendi 3 mfululizo nimekuwa nakata tiketi ya basi Ijumaa mchana, naenda Morogoro kwa Bibi, narudi Jumapili usiku na grisi ndani ya kucha. Mwenzangu wa chumbani ameshanipa jina, ananiita Mwalimu Spana. Basi leo nawapa mkasa mzima. Nawaonya mapema kwamba ni mrefu na una hesabu ndani yake. Watu wa fasihi msikimbie, ni hesabu za kidato cha 2 tu, teh teh teh.

Marehemu Babu alituachia shamba dogo, redio ya mbao isiyoshika stesheni, na Datsun 240Z. Kwa msioijua, hiyo ni gari ya michezo ya Kijapani iliyoanza kutengenezwa 1969: milango 2, viti 2, boneti ndefu kama ulimi wa kinyonga, injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, na inasukumwa na tairi za nyuma. Wazee wa huku kwetu wanaijua vizuri kwa sababu ya mashindano ya Safari, yale yaliyoanza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 yalishindwa na 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka 1973 ikashinda 240Z tena, safari hiyo ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na mwenzake Lofty Drews. Babu alikuwa kijana wa damu moto nyakati hizo. Akaapa kwamba na yeye lazima awe nayo. Alipata ya kwake, imeshatumika, mwaka 1979, na Bibi anasema mwezi ule walikula mchicha mpaka wakachoka.

Sasa tatizo. Baada ya Babu kufariki gari ilikaa chini ya turubai muda mrefu. Mwaka jana Baba Mkubwa akaifufua. Injini safi, breki safi, lakini mkia! Ili gari iende moja kwa moja ilibidi usukani ushikwe umekata kulia kidogo. Tairi ya nyuma ya kulia ilikuwa inalika upande wa ndani utadhani inatafunwa na panya. Halafu masika haya, Baba Mkubwa akitokea Mzumbe na Bibi kakaa kando yake, kwenye kona ya kushoto yenye maji akaachia mafuta ghafla. Mkia ukatangulia. Gari ikazunguka ikasimama imeelekea ilikotoka, tairi moja ikiwa hatua moja tu kutoka mtaroni. Bibi hakusema neno njia nzima. Walipofika nyumbani akashuka, akakung'uta kanga, akasema sentensi moja: "Hiyo gari iuzwe."

Msione kwamba Baba Mkubwa alikuwa hajahangaika. Alishaipeleka mara 3 kwenye gereji moja yenye mashine ya alaimenti ya kompyuta. Kila mara wanarekebisha tairi za mbele, wanamchapia karatasi yenye rangi ya kijani, wanachukua hela. Akiuliza za nyuma anaambiwa gari hii nyuma haina pa kurekebisha. Na hapo, tuseme ukweli, hawakudanganya. 240Z ilitoka kiwandani bila sehemu ya kurekebisha tairi za nyuma. Fundi mwingine ndiye aliyemaliza mchezo. Akainama, akachungulia sekunde 30, akasema: "Mzee, chesisi imepinda." Mnajua maana ya maneno hayo? Gari hii haina chesisi ya pekee kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Ikipinda bodi, kuinyoosha ni gharama kuliko gari. Watu wa chuma chakavu wakaja, wakaitazama kama fisi anavyotazama ng'ombe mgonjwa, wakataja bei kwa kilo. Kikao cha ukoo kikapangwa mwisho wa mwezi.

Mimi nilisikia habari hizo kwa simu nikiwa natoka kwenye kipindi cha upimaji na tathmini. Mtakumbuka nilishaandika jinsi kozi ile inavyonitesa. Lakini kuna kitu kimoja kimeningia: maksi 30 zinakwambia mtoto kafeli, hazikwambii kafeli wapi. Mwalimu mvivu anaandika "hana akili", anafunga daftari. Mwalimu wa kweli anatafuta ni hatua gani mtoto aliteleza. Nikawaza, "chesisi imepinda" si ndiyo "hana akili" ya magereji? Nani alipima? Alipima nini?

Nikampigia Baba Mkubwa. Shikamoo, marahaba, nikamwomba wikiendi 3 kabla ya kikao. Akacheka. "Wewe mwalimu mtarajiwa, utaipima kwa rula?" Nikamjibu, ndiyo Baba Mkubwa, kwa rula na uzi.

Kabla sijaendelea, somo fupi. Kuna vitu 2 vya kupima kwenye tairi ya nyuma. Cha kwanza mafundi wanakiita tou. Simama, tazama miguu yako. Ukielekeza vidole ndani, hiyo ni tou ya ndani. Ukivielekeza nje kama bata, hiyo ni tou ya nje. Tairi nazo ni hivyo hivyo ukizitazama kutoka juu. Cha pili ni kemba: ukisimama nyuma ya gari, je, tairi imesimama wima au kichwa chake kimelala kuelekea ndani au nje? Tairi za nyuma zinataka tou ya ndani kidogo tu, milimita moja au mbili, ili mkia utulie. Zikiwa na tou ya nje, mkia unakuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi: kila kona anataka kutangulia.

Dalili zenyewe zilikuwa zimeshasema nusu ya kesi. Kona za kulia hazikuwa na neno, za kushoto ndizo zilizocheza. Ukikata kushoto, uzito wa gari unahamia upande wa kulia, na tairi ya kulia ndiyo inayobeba kazi. Basi mtuhumiwa ni wa kulia. Nikapitisha kiganja juu ya ile tairi iliyolika. Ukienda upande mmoja inateleza, ukirudi upande wa pili inakwaruza kama meno ya msumeno. Meno hayo ni alama ya tou, maana tairi haizunguki tu, inaburutwa kiubavu huku inazunguka. Kemba peke yake ingeila upande mmoja, lakini isingeacha meno hivyo.

Wikiendi ya kwanza tulikuwa watu 3: mimi, Baba Mkubwa, na jirani wa Bibi, fundi mzee aliyeacha kazi kwa sababu ya macho. Mzee huyu alikuwa akimtengenezea Babu gari zamani. Ananiita mjukuu, na hataki kabisa mtu aseme "hivi hivi tu". Akaanza na yale ambayo watu wanaruka. Upepo wa tairi zote ulingane, kulia na kushoto. Tuinue gari, tuiweke juu ya stendi imara (chini ya gari iliyoshikwa na jeki tupu haingii mtu, hata kama ana haraka), tushike tairi juu na chini tuitikise: beringi zikiwa zimekufa utasikia zinagonga. Tuzungushe rimu taratibu kando ya kipande cha waya, tuone kama rimu yenyewe imepinda. Ukipima rimu iliyopinda utapata jibu la uongo, halafu utarekebisha gari nzima kwa ajili ya uongo huo. Beringi nzima, rimu nzima. Tukaishusha, tukaitikisa mkia juu na chini, tukaisukuma mita kadhaa mbele na nyuma ili tairi zikae mahali pake. Gari iliyotoka kwenye jeki tairi zake zinakuwa zimejikunja, ukipima hapo umepoteza muda.

Halafu uzi. Tulichukua mabomba 2 ya maji ya nusu inchi yenye urefu sawa, tukayakata alama kwa msumeno mahali palepale kwenye yote mawili. Bomba moja mbele ya gari, jingine nyuma, yote juu ya matofali kwa kimo cha katikati ya rimu. Uzi wa mshipi wa kuvulia kutoka alama hadi alama, upande wa kulia na wa kushoto. Kwa kuwa alama ziko umbali sawa mbele na nyuma, nyuzi 2 lazima ziwe sambamba. Jiometri ya kidato cha 2 hiyo, niliwaambia!

Kisha unasogeza mabomba mpaka nyuzi zikae sawa na gari. Hapa pana mtego. 240Z ni nyembamba kidogo nyuma: kati ya tairi za mbele kuna milimita 1355, kati ya za nyuma kuna 1345. Tofauti ni 10, yaani 5 kila upande. Kwa hiyo kama katikati ya tairi ya mbele iko milimita 100 kutoka kwenye uzi, ya nyuma lazima iwe 105, kulia na kushoto. Ukizilazimisha zote ziwe 100, umeshaharibu mtihani kabla ya kuufanya.

Sasa rula. Unapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu sehemu ya mbele, halafu ukingo uleule sehemu ya nyuma. Kama sehemu ya mbele iko mbali zaidi na uzi, tairi imeelekea ndani. Ikiwa karibu zaidi, imeelekea nje. Tulipima mara 3, kila mara tunaisukuma gari na kuanza upya. Kushoto: ndani milimita 2. Kulia: nje milimita 5.

Nikakaa chini ya mwembe na kalamu. Ukizitazama kutoka juu, tairi ya kushoto iliyoelekea ndani inatazama kulia. Tairi ya kulia iliyoelekea nje nayo inatazama kulia. Yaani zote mbili zinasukuma mkia upande mmoja! Wastani wake ni 2 kujumlisha 5, gawa kwa 2, milimita 3.5. Rimu yetu ukingo kwa ukingo ni kama milimita 380. Kwa hiyo gari inaelekezwa pembeni kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna milimita 2305. Fanya uwiano: 3.5 gawa kwa 380, zidisha kwa 2305, unapata kama 21. Maana yake gari ikienda moja kwa moja, mkia wake unatembea milimita 21 kulia kwa pua. Inatembea kama kaa. Na ndiyo maana usukani unakaa umekata kulia: tairi za mbele zinajitahidi kufuata zinakoelekea za nyuma. Mashine ya kompyuta ingerekebisha mbele hata mara 100, kaa angebaki kaa.

Baba Mkubwa alikuwa kimya. Akasema, "Hiyo ya karatasi. Nionyeshe." Sawa. Tukamwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya saruji ya kanisa lililo jirani (tuliomba ruhusa), akaiendesha taratibu moja kwa moja juu ya maji mpaka kwenye saruji kavu. Tukapima nyayo. Tairi ya nyuma kushoto ilikanyaga kama milimita 25 kulia kwa ya mbele. Ya nyuma kulia ilikanyaga kama 15 kulia kwa ya mbele. Hesabu ilikuwa imetabiri 26 na 16, ukiingiza zile 5 za wembamba wa nyuma. Wadau, nimefanya praktiko nyingi za fizikia hapa Mlimani, lakini hakuna iliyonipa raha kama zile nyayo za maji. Mzee fundi alitoa kofia.

Lakini hapo bado hatukuwa tumejibu swali la ukoo. Tulijua tairi zimeelekea wapi, hatukujua kwa nini. Yule wa chesisi angeweza bado kuwa na haki.

Basi tazama jinsi gari hii ilivyoundwa nyuma. Kila tairi ina nguzo moja ya springi na shokapu inayosimama wima. Chini, nguzo hiyo imeshikwa na mkono mpana wa chuma wenye miguu 2 upande wa ndani, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mguu umefungwa kwenye bodi kwa bushi ya mpira. Tou ya tairi inategemea urefu wa miguu hiyo 2 na mahali ilipofungwa. Kwa hiyo washitakiwa ni 3 tu: bushi zimekufa, mkono umepinda, au mahali pa kufungia kwenye bodi pamehama. Wa 3 ndiye chesisi. Tukaamua kuwahoji kwa zamu, tukianza na wa bei rahisi.

Bushi tulizijaribu kwa mtaimbo. Mzee aliuchomeka kati ya mkono na bodi akausukuma kidogo tu. Upande wa kulia mkono uliruka kama jino bovu. Mpira ulikuwa umebaki jina. Bushi ya namna hiyo ina ubaya wa pekee: ukikanyaga mafuta mkono unakwenda huku, ukiachia unarudi kule, yaani tou inabadilika ukiwa katikati ya kona. Kumbukeni Baba Mkubwa aliachia mafuta ghafla. Wikiendi ya pili tulikuwa na bushi mpya 4, na tukazibadilisha zote, kulia na kushoto. Hapa Mzee alinifundisha jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue: bolti za bushi za mpira hazikazwi gari ikiwa hewani. Unazibana kwa mkono tu, unashusha gari, unaisukuma, halafu unakaza tairi zikiwa zimebeba uzito. Ukizikaza hewani, mpira unakuwa umejisokota muda wote gari ikiwa chini, na utachanika mapema.

Tukapima tena kwa uzi. Kushoto: ndani 1. Kulia: nje 3. Imepungua lakini haijaisha. Mshitakiwa wa kwanza ana hatia, ila hakuwa peke yake.

Sasa ule wa chesisi. Hapa nilikuwa na hofu, sitawaficha. Kama mahali pa kufungia pamehama, kazi imeisha na Bibi anapokea hela ya chuma. Tulichukua timazi ya fundi mwashi. Gari ikiwa imetulia juu ya stendi, tunashusha timazi kutoka katikati ya kila bolti inayoshika miguu ya mikono, bolti 4, na kutoka kwenye tundu 2 za bodi huko mbele zinazolingana kulia na kushoto. Kila timazi inapogusa sakafu tunaweka alama ya chaki. Kisha tunasogeza gari na kubaki na nukta 6 sakafuni. Ni umbo, si gari tena. Bodi iliyonyooka itakupa mishazari inayolingana: kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia iwe sawa na kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto. Baba Mkubwa alishika utepe upande mmoja, mimi upande wa pili, Mzee akisoma namba kwa miwani ya Bibi.

Mishazari ilipishana kwa milimita 1. Tukarudia. Milimita 1 tena. Unene wa chaki yenyewe ni zaidi ya hapo! Baba Mkubwa akasema kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia: "Sio chesisi!"

Akabaki mshitakiwa mmoja. Tukapima urefu wa kila mguu, kutoka katikati ya bolti ya ndani hadi kwenye pini ya nje, kulia na kushoto. Mguu wa mbele, sawasawa pande zote. Mguu wa nyuma wa kulia, mfupi kwa karibu milimita 3. Ukiushika gizani usingejua, lakini ukiweka rula kando yake unaona kabisa umebonyea kama mtu aliyepigwa ngwara. Mguu wa nyuma ukifupika, nyuma ya tairi inavutwa ndani, mbele inafunguka nje. Na kemba nayo ikaungana na ushahidi: tairi ya kushoto kichwa chake kilikuwa kimelala ndani milimita 4, kama nusu digrii na ushee, lakini ya kulia ilikuwa wima kabisa kwa sababu miguu yake ilikuwa imevutiwa ndani.

Sasa nani aliupinda? Tukiwa tunajadili, Bibi akatoka na chai. Akatusikiliza, akaweka sinia chini. "Mwaka 1988," akasema. "Mvua ilinyesha. Babu yenu alikuwa anajifanya yuko kwenye Safari. Mkia ukazunguka, ukabamiza ukingo wa karavati, upande huo huo wa kulia. Akaniambia nisimwambie mtu." Baba Mkubwa alibaki mdomo wazi. Siri ya miaka yote hiyo, na chuma kilikuwa kimeitunza kwa milimita 3.

Mkono wa kubadilisha ulitoka Nairobi, kwa rafiki wa zamani wa Babu ambaye ana mifupa ya 240Z uani kwake. Ulikuja kwa basi umefungwa kwenye gunia. Wikiendi ya 3 ilikuwa vita. Mkono unashikwa nje na pini moja ndefu inayopita katikati ya kitako cha nguzo, na wanaozijua gari hizi wanaiogopa pini hiyo kuliko injini. Inaota kutu ndani, haitoki. Kwanza lazima utoe kile kipini kidogo cha kufungia kilichochomekwa katikati, la sivyo utapiga nyundo mpaka Krismasi. Pili, ukigonga, acha nati ikae kwenye ncha ili usiharibu meno ya pini. Tuliimwagia mafuta ya kulegeza kutu Ijumaa usiku, tukarudia asubuhi, tukapasha moto kitako, tukagonga, tukapumzika, tukagonga. Jumamosi saa 10 jioni ikatoka na mlio kama wa chupa ya soda. Nilipiga vigelegele mpaka kuku wa Bibi wakakimbia.

Jumapili tukafunga kila kitu, tukashusha, tukasukuma, tukakaza tairi zikiwa chini, tukanyoosha uzi. Kushoto: ndani 1. Kulia: sifuri. Kemba: kushoto 4, kulia 4. Ule mwendo wa kaa umebaki milimita 3 tu kutoka 21. Mimi nilitaka tuendelee mpaka kulia nako kuwe ndani 1. Njia ipo: unachongewa bushi ambayo tundu lake haliko katikati, ukiizungusha inausogeza mguu kidogo ndani au nje. Wengine wananunua mikono mipya ya kurefusha na kufupisha kwa nati. Mzee akanitazama. "Mjukuu, rula yako inasoma nusu milimita?" Nikasema kwa shida. "Basi usirekebishe usichoweza kupima." Tukaacha hapo.

Mwisho kabisa ndipo tukaenda kurekebisha mbele, na huo ndio utaratibu sahihi siku zote: nyuma kwanza, mbele baadaye, kwa sababu tairi za mbele zinapangwa kufuata njia ambayo za nyuma zinasukuma. Usukani sasa umekaa katikati. Baba Mkubwa akaipeleka kwenye kona ileile ya Mzumbe, pakavu kwanza, halafu siku mvua iliponyesha, mwendo wa mtu mzima. Akanipigia simu akasema neno moja, "Imetulia."

Kikao cha ukoo kilifanyika Jumamosi iliyopita. Watu wa chuma chakavu walikuwa wamepaki nje na mzani wao. Baba Mkubwa alitandika mezani karatasi yangu ya namba, zile za kwanza na zile za mwisho, akaeleza moja baada ya nyingine. Bibi hakuitazama karatasi. Aliomba funguo, akampa Baba Mkubwa, akasema wazunguke mpaka Mzumbe na kurudi. Sisi tukabaki tunasubiri, chai inapoa. Waliporudi Bibi alishuka, akakung'uta kanga yake, akawaambia wale wa mzani, "Wanangu, mtatusamehe, mmepoteza nauli."

Mzee fundi nimempelekea kofia mpya. Karatasi ya namba nimeibandika ukutani chumbani, juu ya kitanda. Siku nikienda mafunzo kwa vitendo nitaibeba, maana nina darasa la jiometri ninalolitaka: uzi 2, mabomba 2, na gari yoyote ya mwalimu mkuu itakayokubali kupimwa. Sasa mniache, nina testi Jumatatu saa 2 na sijafungua daftari. Mwenye noti za wiki 3 zilizopita anitafute, jamani, nitamnunulia chipsi mayai.